Dawa za saratani ya mapafu: bei mbalimbali, miezi ile ile

Na Mwandishi Wetu

KAMPUNI ya Merck ya Marekani iliuza dawa moja ya saratani, Keytruda, kwa dola za Marekani bilioni 29.5 katika mwaka 2024. Hakuna dawa nyingine yenye jina moja la biashara iliyofikia kiasi hicho mwaka huo. Saratani ya mapafu ni mojawapo ya masoko yake makuu, na humo hutumika mara nyingi pamoja na dawa nyingine mbili.

Soko lenyewe ni kubwa na la kusikitisha. Mwaka 2022 watu wapatao milioni 2.5 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, na watu milioni 1.8 walikufa kwa ugonjwa huo. Hakuna saratani nyingine iliyoua watu wengi zaidi. Wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, hivyo upasuaji hauwezi tena kuwaponya. Kinachobaki ni dawa, ambazo hutolewa mbili au tatu kwa pamoja.

Mnunuzi wa bidhaa yoyote, awe wa saruji au wa unga, huuliza swali moja: nikiongeza fedha, naongezewa nini? Wiki hii safu hii inauliza swali hilo kuhusu michanganyiko ya dawa za saratani ya mapafu. Kipimo tutakachotumia ni miezi ya kuishi. Tunazungumzia ile aina inayoitwa saratani ya seli zisizo ndogo, ambayo huwapata takriban wagonjwa 85 katika kila 100.

Pea za miaka ya 1990

Hadi katikati ya miaka ya 1990 madaktari wengi walitilia shaka kama dawa zilikuwa na faida yoyote kwa wagonjwa hawa. Mwaka 1995 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha majaribio 52 yenye wagonjwa 9,387. Ilibainika kuwa sisplatini, dawa yenye madini ya platinamu iliyoidhinishwa Marekani tangu 1978, iliongeza idadi ya waliofikisha mwaka mmoja kwa watu 10 katika kila 100, ikilinganishwa na matunzo bila dawa za saratani. Faida hiyo ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya kweli.

Kuanzia hapo soko lilifunguka. Kanuni ilikuwa kuuza kwa pea, kama viatu. Upande mmoja ni dawa ya platinamu, yaani sisplatini au ndugu yake kaboplatini. Upande wa pili ni dawa mpya, na hapo ndipo kampuni ziliposhindana. Bristol-Myers Squibb ya Marekani ilikuwa na paklitakseli, kwa jina la Taxol. Eli Lilly, pia ya Marekani, ilikuwa na jemsitabini, kwa jina la Gemzar. Wafaransa waliingia na dawa mbili: dosetakseli ya Rhône-Poulenc Rorer na vinorelbini ya Pierre Fabre. Msomaji atambue pia kuwa Bristol-Myers Squibb ndiyo iliyouza kaboplatini yenye jina la Paraplatin. Hospitali iliyochagua pea ya kaboplatini na paklitakseli ilimlipa muuzaji yule yule kwa viatu vyote viwili.

Kila kampuni ilikuwa na takwimu zake za kuvutia. Njia pekee ya kumaliza ubishi ilikuwa kuzipambanisha pea hizo katika uwanja mmoja.

Nne zapambanishwa

Kazi hiyo ilifanywa na kundi la hospitali za saratani za Marekani linalojulikana kama ECOG. Kati ya Oktoba 1996 na Mei 1999 wagonjwa 1,207 walipangiwa mojawapo ya pea nne kwa njia ya bahati nasibu, ili pasiwe na upendeleo. Matokeo yalichapishwa Januari 2002. Katika orodha hii, namba ya kwanza ni miezi ambayo nusu ya wagonjwa waliivuka wakiwa hai. Namba ya pili ni asilimia ya waliofikisha mwaka mmoja.

Sisplatini na paklitakseli: miezi 7.8, asilimia 31.
Sisplatini na jemsitabini: miezi 8.1, asilimia 36.
Sisplatini na dosetakseli: miezi 7.4, asilimia 31.
Kaboplatini na paklitakseli: miezi 8.1, asilimia 34.

Kwa hesabu za kitakwimu tofauti hizo hazina uzito. Zinaweza kuwa za bahati tu. Kwa ujumla waliofikisha mwaka mmoja walikuwa 33 katika kila 100, na waliofikisha miaka miwili walikuwa 11. Wagonjwa waliokuwa dhaifu sana tangu mwanzo walipata madhara makubwa kiasi kwamba watafiti waliacha kuwaandikisha.

Tofauti zilizoonekana zilikuwa za aina nyingine. Pea yenye jemsitabini ilichelewesha kukua kwa uvimbe hadi miezi 4.2, dhidi ya miezi 3.4 ya pea ya kwanza, lakini madhara makubwa ya figo yaliwapata wagonjwa 9 katika kila 100 badala ya 3. Pea ya kaboplatini ilikuwa na madhara machache zaidi ya kuhatarisha maisha. Tena paklitakseli iliyotolewa pamoja na kaboplatini iliingizwa mshipani kwa saa tatu, wakati ile iliyoambatana na sisplatini ilichukua saa 24. Anayejua gharama ya kitanda cha hospitali kwa usiku mmoja anaelewa maana yake. ECOG iliichagua pea ya kaboplatini na paklitakseli iwe kipimo cha kulinganishia dawa zijazo, kwa sababu ya wepesi wake kwa mgonjwa.

Bili ikoje?

Kundi jingine la Marekani, SWOG, lilipambanisha pea mbili: kaboplatini na paklitakseli kwa upande mmoja, sisplatini na vinorelbini kwa upande wa pili. Matokeo ya mwaka 2001 yalitoka sare. Kila upande nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi minane hivi, na uvimbe ulipungua kwa wagonjwa 28 katika kila 100 upande wa vinorelbini na 25 upande wa paklitakseli.

Jambo la kupongezwa ni kwamba watafiti hawakuishia hapo. Walikusanya gharama za dawa, hospitali na matunzo mengine ya wagonjwa hao. Hesabu iliyochapishwa 2002 ilionyesha kuwa mgonjwa wa vinorelbini aligharimu wastani wa dola 40,300 hivi, na wa paklitakseli takriban dola 48,900. Tofauti inazidi dola 8,600 kwa kila mgonjwa, na miezi ya kuishi ni ile ile.

Hata hivyo, asije mtu akadhani kuwa cha bei nafuu kilikuwa bora kwa kila hali. Waliopewa sisplatini na vinorelbini walipata kichefuchefu zaidi na upungufu zaidi wa chembe nyeupe za damu. Walilazimika kurudi kliniki kila wiki, na walioacha dawa kwa sababu ya madhara walikuwa wengi zaidi. Wa upande wa paklitakseli walipata zaidi ganzi na maumivu ya mikono na miguu. Kwa hiyo mnunuzi aliyelipa zile dola 8,600 alinunua nafuu ya namna fulani, si muda wa kuishi. Ni haki yake kuinunua, ila ni vizuri ajue anacholipia.

Dawa ya tatu yaongezwa

Baada ya pea kutoka sare, kampuni ziliongeza dawa ya tatu. Bevasizumabu, yenye jina la biashara Avastin, huzuia uvimbe usijitengenezee mishipa ya damu. Mwaka 2006 zilichapishwa habari za wagonjwa 878 waliopewa kaboplatini na paklitakseli, nusu yao wakiongezewa bevasizumabu. Miezi ilipanda kutoka 10.3 hadi 12.3. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kundi hilo kuvuka mwaka mmoja. Lakini vifo 15 katika waliopewa dawa hiyo vilihusishwa na matibabu yenyewe, vikiwemo vya kutokwa na damu.

Jaribio la pili, lenye wagonjwa 1,043, liliiambatanisha dawa hiyo na pea ya sisplatini na jemsitabini. Safari hii hakukuwa na ongezeko la maana la maisha: miezi 13.1 bila dawa ya tatu, miezi 13.6 kwa kipimo kidogo na 13.4 kwa kipimo kikubwa. Kipimo kidogo kilikuwa nusu ya kile kikubwa. Kwa dawa inayouzwa kwa miligramu, hilo ni jambo la kuandika kwenye daftari la mnunuzi: kuongeza dozi maradufu ni kuongeza bili, na katika jaribio lile mgonjwa hakuongezewa chochote.

Kupima kwanza, kununua baadaye

Mabadiliko makubwa yalikuja pale wataalamu walipoanza kutofautisha wagonjwa wenyewe. Mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 1,725 waliopewa sisplatini pamoja na pemetreksedi, au sisplatini pamoja na jemsitabini. Kwa jumla ilikuwa sare tena, miezi 10.3 kila upande. Lakini walipogawanywa kwa aina ya seli, picha ilibadilika. Wenye adenokasinoma, saratani inayoanzia kwenye seli za tezi, waliishi miezi 12.6 kwa pemetreksedi na 10.9 kwa jemsitabini. Wenye saratani ya seli bapa mambo yaligeuka: 9.4 kwa pemetreksedi na 10.8 kwa jemsitabini. Mgonjwa wa seli bapa aliyeuziwa pemetreksedi alipewa dawa iliyomfaa kidogo kuliko nyingine. Kilichotofautisha wagonjwa hao ni uchunguzi wa kipande cha nyama ya uvimbe chini ya hadubini.

Mwaka uliofuata, 2009, somo lilikuwa kali zaidi. Wagonjwa 1,217 wa Asia ya Mashariki walipewa ama kidonge cha gefitinibu au pea ya kaboplatini na paklitakseli. Kwa wenye hitilafu katika jeni ya EGFR, uvimbe ulipungua kwa wagonjwa 71 katika kila 100 waliopewa kidonge, dhidi ya 47 waliopewa pea. Kwa wasio na hitilafu hiyo, kidonge kilimsaidia mgonjwa 1 tu katika kila 100, wakati pea iliwasaidia 23 hivi. Kidonge kile kile, bei ile ile; kwa mmoja ni dawa, kwa mwingine ni fedha iliyotupwa pamoja na muda wake wa thamani.

Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, India, ilikwenda mbele zaidi. Ilichukua wagonjwa 350 wenye hitilafu hiyo, ikawapa nusu yao gefitinibu peke yake, na nusu gefitinibu pamoja na kaboplatini na pemetreksedi. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kuwa ugonjwa ulitulia kwa miezi 16 badala ya 8. Madhara makubwa nayo yaliongezeka, kutoka wagonjwa 25 katika kila 100 hadi 51. Dawa zote tatu zinatengenezwa leo na viwanda vingi, na baadhi ya viwanda hivyo viko India yenyewe.

Kampuni ya AstraZeneca ya Uingereza nayo ina osimertinibu, kidonge kipya zaidi cha kundi hilo, iliyoingiza dola bilioni 6.6 mwaka 2024. Mwaka 2025 ilitangazwa kuwa kidonge hicho kikiambatana na pea ya platinamu na pemetreksedi, wagonjwa waliishi miezi 47.5, dhidi ya 37.6 kwa kidonge peke yake. Si halali kulinganisha namba za majaribio mawili yenye wagonjwa tofauti. Linaloonekana katika yote mawili ni kwamba kuongeza pea ya zamani juu ya kidonge kuna faida, mradi mgonjwa amepimwa.

Keytruda na bei yake

Sasa turudi kwa dawa iliyoongoza kwa mauzo. Pembrolizumabu, ndiyo Keytruda, huiondolea kinga ya mwili breki ambayo uvimbe huitumia kujificha. Katika jaribio la wagonjwa 616 ambao saratani yao haikuwa ya seli bapa, dawa hiyo iliongezwa juu ya pemetreksedi na platinamu. Miezi ya kuishi ilifikia 22, dhidi ya 10.6 kwa waliopewa pea peke yake. Baada ya miaka mitano walio hai walikuwa 19 katika kila 100, dhidi ya 11, ingawa wagonjwa wa upande wa pili waliruhusiwa kuhamia Keytruda ugonjwa uliposonga mbele. Katika safu nzima tuliyopitia, hii ndiyo nyongeza kubwa kuliko zote kwa wagonjwa wasio na hitilafu za jeni zenye vidonge vyake.

Bei nayo ni kubwa. Nchini Marekani bei iliyotangazwa inazidi dola 11,000 kwa dozi moja ya kila wiki tatu. Mgonjwa anayemaliza miaka miwili hupata dozi 35, yaani zaidi ya dola 385,000 kwa dawa hiyo moja, kabla ya punguzo lolote na kabla ya bei ya zile mbili nyingine.

Hapa pia kipimo kinaokoa fedha. Wagonjwa ambao uvimbe wao una protini ya PD-L1 kwa wingi waliwahi kupewa Keytruda peke yake katika jaribio la watu 305. Baada ya miaka mitano, 32 katika kila 100 walikuwa hai, dhidi ya 16 waliopewa pea za platinamu. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza pembrolizumabu katika orodha ya dawa muhimu kwa matumizi ya namna hiyo, ikiwa dawa pekee ya kuanzia kwa saratani ya mapafu iliyosambaa. Orodha hiyo ina pia sisplatini, kaboplatini, paklitakseli, jemsitabini na vinorelbini.

Hataza zinapokwisha

Bei za dawa hufuata hataza, yaani haki ya kampuni kuuza peke yake kwa muda maalumu. Taxol ni mfano mzuri. Ilitokana na magome ya mti wa Marekani na kuendelezwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za serikali ya nchi hiyo. Hadi mwaka 2002 ilikuwa imemwingizia muuzaji dola bilioni 9, na taasisi ya serikali ilipata mrabaha wa dola milioni 35. Washindani walipoingia, bei ilishuka.

Alimta, jina la biashara la pemetreksedi ya Eli Lilly, iliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 2 mwaka 2021. Mwaka 2022 dawa za viwanda vingine ziliruhusiwa Marekani, na mauzo yakashuka chini ya bilioni 1. Dawa haikubadilika, wala ubora wake haukupungua. Kilichobadilika ni idadi ya wauzaji sokoni.

Hataza kuu za Keytruda nchini Marekani zinatarajiwa kwisha mwaka 2028. Samsung Bioepis, Amgen na Sandoz zimekuwa zikijaribu dawa zinazofanana nayo. Merck nayo haikukaa kimya: Septemba 2025 iliidhinishiwa huko Marekani Keytruda ya kuchoma chini ya ngozi, inayochukua dakika chache badala ya dripu ya nusu saa. Ni faida kwa mgonjwa, na pia ni ukuta mpya kwa muuzaji.

Kwa mnunuzi wa kwetu

Nchi zetu zimewahi kuonja faida ya kununua kwa pamoja. Mwaka 2017 Chama cha Saratani cha Marekani na shirika la Clinton lishughulikialo upatikanaji wa tiba walikubaliana na kampuni za Pfizer na Cipla kuuza dawa 16 za saratani kwa bei nafuu katika nchi sita: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Ethiopia na Nigeria. Mpango huo ulionyesha kuwa muuzaji hupunguza bei anapoona mnunuzi mmoja mwenye oda kubwa na ya uhakika.

Kwa familia yenye mgonjwa, na kwa bohari ya dawa pia, hesabu tulizoziona zinaleta maswali matatu ya kuuliza kabla ya kutoa fedha. Kwanza, je, kipande cha uvimbe kimechunguzwa na aina ya seli inajulikana? Kikohozi cha muda mrefu kwetu mara nyingi hutibiwa kwanza kama kifua kikuu, na wakati huo ugonjwa unaendelea. Pili, kati ya pea zinazolingana kwa miezi ya kuishi, ipi ina madhara ambayo mgonjwa huyu anaweza kuyahimili, na ipi inamrudisha nyumbani siku ile ile? Mwenye figo dhaifu na mwenye ganzi ya miguu hawawezi kupewa jibu moja. Tatu, dawa ya ziada inayopendekezwa inaongeza miezi mingapi, kwa mgonjwa wa aina gani, na kwa shilingi ngapi kila mwezi?

Daktari ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu dawa, na safu hii haichukui nafasi yake. Lakini yapo maamuzi ambayo daktari hawezi kuyafanya peke yake. Familia inayouza shamba au nyumba ili kununua dripu inastahili kuelezwa, kwa namba, kama inanunua mwaka, mwezi, au nafuu ya kichefuchefu. Kwa mujibu wa jaribio la 2002, aliyechagua ghali kati ya zile pea nne hakupata muda zaidi. Kwa mujibu wa yale yaliyofuata, aliyelipia kipimo kwanza mara nyingi alipata.